Ini Lisipougua Peke Yake: Kumbukumbu za Tabibu Kuhusu Ngano, Utumbo na Nyongo Katika Wilaya za Hanang na Mbulu

Ugonjwa wa seliaki ni maradhi ya kinga ya mwili ambamo gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, humfanya mtu mwenye vinasaba fulani aushambulie utando wa utumbo wake mwembamba. Kwa kuwa damu itokayo utumboni hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, madhara yake hayaishii tumboni, bali mara nyingi huligusa ini na wakati mwingine huambatana na maradhi ya mirija ya nyongo. Jambo hili halizungumzwi sana vijijini, hata miongoni mwa wahudumu wa afya, ingawa Wilaya ya Hanang imekuwa kwa nusu karne miongoni mwa maeneo makuu ya ngano nchini Tanzania. Tangu vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani mwaka 2022, kilimo cha zao hilo kimehimizwa upya ili taifa lipunguze kuagiza kutoka nje, na nyanda za Basotu zimeanza tena kutajwa katika mikutano na magazetini. Mazungumzo hayo yamehusu mbegu, masoko na bei, wala hayajawataja watu wachache ambao nafaka hiyo huwadhuru. Ukimya huo ndio uliomrudisha mwandishi wa makala haya, tabibu mwenyeji wa Hanang aliyefanya kazi katika wilaya zote mbili, kwenye mambo aliyoyaona tangu utotoni hadi miaka yake ya kazi, na kwenye mafunzo aliyoyapata humo.

Mwandishi alilelewa kando ya mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa chini ya mlima Hanang kuanzia miaka ya 1970 na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yakiwemo Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga, na mgogoro uliozuka ulifika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 1985 ilitoa uamuzi katika shauri la NAFCO na Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw. Baba yake mwandishi alikuwa kibarua wakati wa mavuno, na watoto waliruhusiwa kuokota masuke yaliyosalia baada ya kombaini kupita. Ngano hiyo ilipepetwa, ikatwangwa na kupikwa mikate ya kusukuma, na kwa familia ambazo mababu zao waliishi kwa maziwa, nyama, uwele na mtama, chakula hicho kilikuwa kigeni na cha heshima. Kilianza kwa kuliwa sikukuu, kikaingia kwenye vibanda vya mama ntilie kwa sura ya maandazi na chapati, na mwishowe kikawa kifungua kinywa cha kila siku katika miji ya Katesh, Haydom na Mbulu.

Kipindi hicho kilimfunza mwandishi jambo ambalo alilielewa baadaye sana, kwamba seliaki huhitaji vitu viwili vikutane: vinasaba vya kurithi na chakula chenye gluteni. Vinasaba hivyo, ambavyo wataalamu huviita HLA-DQ2 na HLA-DQ8, hubebwa na watu wengi wasiougua kamwe, na mahali ambapo watu hawali ngano ugonjwa hauna pa kujidhihirisha. Mfano wa Afrika unaojulikana zaidi ni wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, jamii ya wafugaji wa ngamia ambayo mlo wake wa kale ulijengwa juu ya maziwa, nyama na tende kabla ya ngano kuwa chakula kikuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta watoto wao wakiwa na seliaki kwa kiwango cha zaidi ya 5 katika kila 100, ilhali katika nchi nyingi zilizopimwa kiwango hukaribia mtu 1 katika kila 100. Haifai kuyahamishia matokeo ya Wasaharawi kwa Wadatoga au Wairaqw, kwa maana kila jamii ina urithi wake, lakini ni halali kujifunza kutoka kwao kwamba jamii ikibadili nafaka yake, mganga wake naye hana budi kupanua orodha ya maswali anayomwuliza mgonjwa.

Mgonjwa wa kwanza aliyemfundisha mwandishi somo hilo alikuwa mama wa Kiiraqw, mwenye watoto wadogo, aliyefika katika zahanati moja ya upande wa Dongobesh akiwa amekonda, tumbo limejaa gesi, na viganja vimepauka kwa upungufu wa damu. Kadi yake ilionyesha kwamba alikwisha kutibiwa minyoo, amiba na homa ya matumbo kwa nyakati tofauti, na kwamba vidonge vya kuongeza damu alivyovimeza kwa uaminifu havikuwa vimemwongezea chochote. Hospitali moja aliyokwenda kabla ya hapo ilimpima damu, ikakuta vimeng'enya vya ini, yaani kemikali ambazo chembe za ini huzimwaga kwenye damu zinapoumia, vimepanda zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kawaida, na akaambiwa mbele ya watu aache pombe. Maneno hayo yalimwumiza kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu alikuwa mwanakwaya na hakuwahi kuonja pombe. Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, alimwambia mwandishi kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Daktari mwanangu, huyu mkwe wangu nakaa naye nyumba moja. Chunguza kingine."

Mama mkwe huyo alikuwa amebeba chupa ya chai iliyojaa uji wa lishe, na alipoifungua ili mgonjwa anywe kabla ya safari ya kurudi, mwandishi aliuliza uji umetengenezwa kwa nafaka gani. Jibu lilitolewa kwa fahari inayostahili: mahindi, ulezi, mtama, soya, karanga, mchele, na ngano kidogo ili uji uwe mzito. Unga wa aina hiyo huuzwa katika masoko mengi nchini, hupendekezwa kwa watoto, wajawazito na wagonjwa waliodhoofika, na kwa walio wengi ni msaada wa kweli. Kwa mgonjwa huyu, hata hivyo, kadiri alivyozidi kudhoofika ndivyo familia ilivyozidi kumpa uji, na kadiri alivyozidi kuunywa ndivyo alivyozidi kudhoofika. Alipopewa rufaa, daktari bingwa wa hospitali ya rufaa aliagiza kipimo cha kingamwili dhidi ya kimeng'enya kiitwacho transiglutaminasi ya tishu, ambacho ndicho kipimo cha kwanza cha seliaki, kisha akamfanyia kipimo cha kamera na kuchukua vinyama vidogo kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba. Vijidole vidogo mno vinavyofunika utando wa utumbo huo na kufyonza chakula vilikuwa vimelika hadi vikawa bapa.

Katika siku zile za kusubiri majibu, mgonjwa alianza kutoka damu kwenye fizi, na kipimo cha kuganda kwa damu kikaonyesha kuchelewa kuliko kawaida. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ini lake ni bovu angeweza kudhani kwamba sasa limeshindwa kabisa kutengeneza protini za kugandisha damu, lakini daktari bingwa aliagiza sindano ya vitamini K, na baada ya muda mfupi damu ikaganda ipasavyo. Somo lililomo hapo ni la msingi kwa mtu yeyote anayetibu ini. Vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta, na mafuta hufyonzwa kwa msaada wa nyongo na kwa utando wa utumbo ulio mzima, kwa hiyo utumbo ulioharibika unaweza kumnyima mtu vitamini K na kuleta dalili inayofanana na ya ini lililoshindwa. Sindano ikileta nafuu, ini lilikuwa na uwezo wake, na lililokosekana ni malighafi. Isipoleta nafuu, basi kuna sababu ya kuhofia ini lenyewe.

Mama yule aliacha ngano katika kila sura yake, na kabla mwaka haujaisha vimeng'enya vya ini vilishuka hadi kiwango cha kawaida, damu ikapanda, naye akarudi kwaya. Tukio hilo halikuwa muujiza. Tafiti za Ulaya zilizokusanya watu wazima wenye seliaki ambao hawajaanza matibabu ziliwakuta karibu 40 katika kila 100 wakiwa na vimeng'enya vya ini vilivyopanda, na walio wengi kati yao walirudi katika hali ya kawaida ndani ya miezi 6 hadi 12 ya mlo usio na gluteni. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba utumbo uliovimba hupitisha vitu ambavyo kwa kawaida huzuiwa, vikiwemo vipande vya vijidudu na vya chakula, na vitu hivyo husafirishwa na mshipa mkubwa wa damu unaounganisha utumbo na ini, ambako huamsha uvimbe. Mwaka 2002 madaktari wa Finland walieleza habari za wagonjwa 4 waliokuwa na ugonjwa mkali wa ini pamoja na seliaki, baadhi yao wakifikiriwa kupandikizwa ini jingine, ambao hali zao zilitengemaa baada ya kuondolewa gluteni. Ni nadra katika tiba ya ini kukuta sababu inayoondoka kwa kubadili chakula tu, na kwa hiyo kuikosa ni hasara kubwa.

Baadaye mwandishi alifanya kazi jirani na Haydom, mji wa Wilaya ya Mbulu wenye hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Hospitali hiyo ilikuwa kituo pekee cha Tanzania katika utafiti mkubwa ujulikanao kwa kifupi kama MAL-ED, ambao uliwafuata watoto wa nchi 8 tangu kuzaliwa ili kujua jinsi maambukizi ya tumbo yanavyohusiana na udumavu. Akina mama wa vijiji vya jirani walizoea kutembelewa nyumbani na wakusanya takwimu waliouliza mtoto amekula nini na ameharisha mara ngapi, na ingawa baadhi yao walichoshwa na maswali, wengi walikuja kuelewa kwamba mtoto anaweza kuwa na utumbo ulioumia hata siku ambazo haharishi. Hali hiyo husababishwa na vijidudu vinavyoingia mwilini kila siku kupitia maji, udongo na kinyesi cha mifugo, nayo hufupisha vijidole vya utumbo na kuufanya upitishe visivyopaswa kupita, kwa namna inayokaribiana sana na seliaki inapotazamwa kwa hadubini.

Kutokana na kazi hiyo mwandishi alijifunza kutokuwa na pupa. Katika mazingira ya Mbulu na Hanang, utumbo uliolika si ushahidi wa kutosha wa seliaki, kwa sababu uchafu wa maji unaweza kuleta sura hiyohiyo, na kwa upande wa pili kipimo cha kingamwili kinaweza kutoa jibu la uongo kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa ini, ambaye damu yake huwa na kingamwili za kila aina. Aidha, watu 2 au 3 katika kila 100 wenye seliaki hawatengenezi vya kutosha aina ya kingamwili iitwayo IgA, ambayo ndiyo hupimwa, na hao huonekana wazima ilhali ni wagonjwa, isipokuwa kiasi cha IgA yote nacho kikipimwa. Jibu la kuaminika hutokana na mambo manne yakisomwa pamoja: dalili, damu, kinyama cha utumbo, na mabadiliko ya mgonjwa baada ya kuacha gluteni. Ni lazima pia vipimo vifanywe mgonjwa akiwa bado anakula ngano, kwa kuwa anayeiacha mapema huufanya utumbo uanze kupona na vipimo vikose cha kuonyesha.

Mgonjwa mwingine, mama wa Kidatoga aliyekaribia umri wa kupata wajukuu, alifundisha upande wa mirija ya nyongo. Alilalamikia uchovu usioisha na kuwashwa kulikozidi usiku, hasa viganjani na kwenye nyayo, na alikuwa amepakwa dawa ya upele mara nyingi, yeye pamoja na watu wote wa boma lake. Alipovua shuka ili apimwe, mikwaruzo ya kucha ilionekana mikononi, miguuni, tumboni na mabegani, lakini katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, ngozi ilikuwa laini na safi kabisa. Upele haungepaacha mahali hapo kwa heshima ya urefu wa mkono; mwasho ulitoka ndani, na majeraha yalitokana na kujikuna. Weupe wa macho yake ulikuwa umeanza kugeuka manjano.

Ultrasaundi haikuonyesha jiwe wala uvimbe uliouziba mrija mkubwa wa nyongo, na vipimo vya rufaa vikakuta kingamwili dhidi ya mitokondria, yaani viungo vidogo vinavyozalisha nguvu ndani ya chembe hai. Huo ndio utambulisho wa ugonjwa ambao kinga ya mwili huharibu polepole mirija midogo ya nyongo iliyomo ndani ya ini, na ambao huwapata zaidi wanawake wa makamo. Zamani uliitwa kwa jina lililomaanisha ini lililokwisha kujaa makovu, lakini mwaka 2015 wataalamu waliubadilisha jina, kwa sababu wagonjwa wengi hugunduliwa mapema kabla makovu hayajatokea, na jina lile liliwatia hofu bila haki. Seliaki huonekana kwa watu wenye ugonjwa huu mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wengine, na ndivyo ilivyokuwa kwa mama huyo, ambaye kuhara na upungufu wake wa damu vilipata maelezo.

Tofauti na ilivyokuwa kwa mama wa Dongobesh, kuacha ngano kulimtengenezea mama huyu utumbo na kumwongezea damu, lakini hakukuiponya mirija ya nyongo, naye alihitaji dawa ya asidi ya ursodioksikoliki, ambayo humezwa kila siku kwa maisha yote ili nyongo itiririke vizuri na uharibifu upungue kasi. Kutokana na wagonjwa hawa wawili ikawa wazi kwamba madhara ya ini yanayotokana moja kwa moja na seliaki hupoa kwa mlo, ilhali maradhi ya kinga yanayoandamana nayo, kama vile ugonjwa huu wa mirija midogo, ugonjwa wa makovu ya mirija mikubwa, na homa ya ini inayosababishwa na kinga yenyewe, huhitaji dawa zake. Kifuko cha nyongo nacho huathirika, kwa kuwa utumbo ulioharibika hutoa kwa uchache homoni ya kolesistokinini, ambayo kazi yake ni kukiamuru kifuko kijikamue wakati wa mlo, na kifuko kisichojikamua hubaki kimejaa nyongo iliyotuama.

Suala la chakula mbadala lilimpeleka mwandishi kwenye mashine za kusaga. Kwa upande mmoja, mkulima wa Mbulu ana bahati ambayo mgonjwa wa seliaki wa Ulaya hununua kwa gharama kubwa, maana mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, viazi, maharage na maziwa havina gluteni. Kwa upande mwingine, mashine ileile iliyosaga ngano ya jirani hubakiza unga kwenye jiwe na kwenye mfuko wa kupokelea, na mgonjwa anayesaga mahindi yake mara baada ya hapo hurudi nyumbani na ngano asiyoijua. Familia ya mama wa Dongobesh ilielewana na mwenye mashine ili mahindi yao yasagwe asubuhi kabla ya kazi nyingine, baada ya mashine kupigwa brashi, na debe dogo la kwanza kulishwa kuku.

Hatari ya pili ilidhihirika mwaka 2016, pale mikoa ya Dodoma na Manyara ilipokumbwa na vifo vilivyotokana na sumukuvu, yaani sumu itengenezwayo na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Wagonjwa wa mwaka ule, wengi wao wakitoka Chemba, Kondoa na Kiteto, walipata manjano, kutapika na kuvimba tumbo, kwa sababu sumu hiyo hulishambulia ini. Mtu anayeondolewa ngano na kuelekezwa kwenye mahindi na karanga, huku ini lake likiwa tayari limeumia, hana budi kuelekezwa pia kukausha nafaka juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua punje zilizobadilika rangi, na kuhifadhi katika ghala lisilovuja. Ushauri wa mlo usiofika ghalani ni nusu ya ushauri.

Ilibaki meza ya Bwana. Mbulu na Hanang ni wilaya zenye Wakatoliki na Walutheri wengi, na mkate wa ushirika hutengenezwa kwa ngano. Mama wa Kiiraqw alipojua hivyo, aliacha kukomunika bila kumweleza mtu sababu, na uvumi ukaanza kwamba ana dhambi iliyofichwa. Yatosha kusema kwamba Kanisa Katoliki, katika barua ya Vatikani ya mwaka 2003, lilieleza kwamba mkate usio na gluteni kabisa haufai kwa sakramenti, lakini wenye gluteni kidogo sana unakubalika, na kwamba asiyeweza hata huo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Paroko wake alipoelezwa, alimruhusu mara moja. Matibabu yanayoihusu meza ya chakula huihusu familia, kijiji na imani ya mgonjwa, na mhudumu wa afya anayeandika neno "asile ngano" kwenye kadi bila kuuliza mgonjwa anakula wapi na pamoja na nani, hajamaliza kazi yake.

Kwa hiyo mwandishi anawaomba wahudumu wenzake wa Mbulu na Hanang wafuate utaratibu ulio wazi. Mgonjwa mwenye vimeng'enya vya ini vilivyopanda achunguzwe kwanza mambo yaliyo mengi katika nchi hii, yaani homa ya ini aina ya B na C, kichocho, pombe, dawa za hospitali na za mitishamba, na sumukuvu. Yakishaondolewa hayo, au mgonjwa akiwa na upungufu wa damu usiosikia dawa, kukonda, kuhara kwa muda mrefu au tumbo kujaa, aulizwe kuhusu ngano na apelekwe kupimwa seliaki kabla hajaibadili milo yake. Wanaotengeneza uji wa lishe nao waandike kwenye kila mfuko kama umo ngano au haumo, jambo lisilogharimu zaidi ya wino. Ngano ya Hanang na ilimwe, ivunwe na kulisha taifa, kwa maana ni chakula chema kwa walio wengi. Lakini wachache ambao huwadhuru wana haki ya kutambuliwa mapema, na mtu yeyote aliyeambiwa kwamba ini lake linaumwa bila sababu kujulikana asiridhike mpaka utumbo wake nao umepimwa.